Inchi Nne Ndani ya Land Cruiser

Dai moja limezunguka gereji za Afrika Mashariki kwa miaka mingi: kwamba injini ya petroli ya Land Cruiser ya zamani, ile ya silinda sita za mstari mmoja, ni Chevrolet iliyobadilishwa jina. Wanaolisema hawasitisiti. Watakuambia pistoni zinaingiliana. Watakuambia silinda hedi inakaa bila taabu. Wengine wataongeza kwamba Wajapani waliipata injini hiyo kwenye magari ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwenye gari anayeliamini dai hili hutoa fedha zake kununua spea, kwa hiyo si hadithi ya kupitisha jioni tu. Nimeamua kulifuata hadi lilikozaliwa. Je, ni kweli, ni uongo, au lilikuwa kweli zamani na muda wake umepita?

Tuanze na mtuhumiwa mwenyewe. Injini inaitwa F. Ndiyo iliyobeba Land Cruiser kuanzia mwaka 1955, na ndiyo wengi wanaoikumbuka FJ40 wanayoizungumzia. Ujazo wake ni cc 3,878. Ukiugeuza kwa kipimo cha Wamarekani unapata inchi za ujazo 236 na ushei. Sasa angalia upande wa pili: Chevrolet walikuwa na injini ya silinda sita inayoitwa 235, na ndugu zao wa malori, GMC, walikuwa na inayoitwa 236. Majina hayo ni ujazo wenyewe. Mtu akiziona namba hizi tatu zimekaa pamoja, anaona kesi imekwisha. Lakini ujazo kukaribiana ni ushahidi wa undugu?

Nilitafuta jozi ya kulijaribu wazo hilo, na nikaipata kwenye familia hiyo hiyo ya magari ya porini. Toyota 3F ina cc 3,955. Injini ya P ya Nissan Patrol ya zamani ina cc 3,956. Tofauti ni cc moja. Zote zina silinda sita za mstari mmoja, zote za petroli. Lakini silinda ya 3F ina kipenyo cha milimita 94, na ya Nissan milimita 85.7. Hakuna pistoni ya injini moja itakayofanya kazi kwenye nyingine hata kwa dua. Ujazo ni jibu la hesabu ya kuzidisha, na jibu moja linaweza kutoka kwenye namba nyingi tofauti. Basi ni namba zipi zinazoitambulisha injini?

Ni mbili: kipenyo cha silinda, na mwendo wa pistoni, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Nikaziweka sambamba. Chevrolet 235 ina kipenyo cha milimita 90.49 na mwendo wa 100.01. GMC 236 ina kipenyo cha 92.08 na mwendo wa 96.84. Toyota F ina kipenyo cha 90 kamili na mwendo wa 101.6. Hakuna hata jozi moja inayolingana. Kwa dakika chache nilidhani safari imeishia hapo na dai limekufa. Lakini mhandisi anayechora kwa milimita huandika 100, au 102, au 105. Nani basi aliandika 101.6?

Gawa 101.6 kwa 25.4. Jibu ni 4, bila salio. Mwendo wa pistoni wa Toyota F ni inchi nne kamili. Silinda imepimwa kwa milimita, kranki imepimwa kwa inchi, na vyote viwili vimo ndani ya bloku moja iliyomiminwa Japani. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Linaonyesha kwamba sehemu moja ya injini ilichorwa upya na sehemu nyingine ilirithiwa. Tukijua aliyerithiwa, tutakuwa tumefika nusu ya njia. Je, ni Chevrolet kweli, au kuna mzazi mwingine?

Kabla ya kwenda mbali nilitaka kupima ushahidi ambao mafundi wenyewe huutoa. Wa kwanza ni mpangilio wa kuwaka: 1-5-3-6-2-4. Chevrolet ni hivyo, Toyota F ni hivyo, kwa hiyo, wanasema, damu ni moja. Njia hii imefungwa. Karibu kila injini ya silinda sita za mstari mmoja huwaka kwa mpangilio huo, ikiwemo BMW, na hata 2JZ ya Toyota yenyewe iliyokuja miongo kadhaa baadaye. Sababu iko kwenye umbo la kranki: mikono yake imepishana nyuzi 120, na mpangilio huo husambaza mapigo sawasawa kutoka mbele hadi nyuma. Ni sheria ya umbile, na haisemi lolote kuhusu ukoo. Ushahidi wa pili je?

Wa pili ni sura. Valvu ziko juu na husukumwa na fimbo. Kamshafti imelala ndani ya bloku na huzungushwa kwa gia, si kwa mnyororo. Manifoldi ya kuingiza na ya kutolea moshi zote zimekaa upande mmoja. Bloku na hedi ni chuma cha kumimina. Yote haya utayakuta kwa Chevrolet na kwa Toyota F. Ushahidi huu una uzito zaidi kidogo kuliko ule wa kwanza, maana mhandisi angeweza kuchagua njia nyingine na hakuchagua. Lakini sura inaweza kufanana kwa kufuata mtindo wa wakati. Chevrolet walijenga injini zao za silinda sita kwa sura hiyo tangu mwaka 1929, na ulimwengu mzima ulikuwa ukizitazama. Ili kumpata mzazi nilihitaji injini ya Toyota iliyoitangulia F; ipo?

Ipo, na wala haijafichwa. Gari la kwanza la ukoo wa Land Cruiser, BJ ya mwaka 1951, halikuwa na F. Lilikuwa na injini iitwayo B, ya silinda sita, cc 3,386. Na B nayo ilifuata nyingine, iitwayo A, iliyowekwa kwenye gari la kwanza la majaribio la Toyota na kwenye lori lake la kwanza, yote ya mwaka 1935. A ilikuwa na cc 3,389. Mwendo wa pistoni wa zote mbili ni milimita 101.6. Kumbe inchi nne haikuanza na Land Cruiser, wala haikuanza baada ya vita. Ilikuwamo tangu siku ya kwanza ya kampuni hiyo kutengeneza magari. Na kipenyo cha silinda cha injini ya A ni kiasi gani?

Ni milimita 84.14. Kwa inchi ni tatu na sehemu tano za kumi na sita, kamili. Nikarudi kwenye orodha za Chevrolet na kupekua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1929 kipenyo kilikuwa hicho hicho, lakini mwendo ulikuwa inchi tatu na robo tatu, haikulingana. Mwaka 1937 vyote viwili vilibadilika, haikulingana. Katikati yake kuna injini iliyoanza mwaka 1933 na kuishia 1936: kipenyo inchi tatu na tano za kumi na sita, mwendo inchi nne, ujazo inchi 206.8. Zidisha upate cc: 3,389. Namba zote mbili zimekubali, na jibu la hesabu limekubali hadi cc ya mwisho. Injini hiyo ya Marekani ilifikaje mikononi mwa watu waliokuwa wakitengeneza mashine za kufuma nguo?

Hapa kumbukumbu zinasema wazi. Mwaka 1933, kwenye kiwanda cha mitambo ya kufuma kilichoizaa Toyota, mjini Kariya, gari la Chevrolet la mwaka huo lilinunuliwa, likafunguliwa kipande kwa kipande, na kila kipande kikachorwa. Injini ya kwanza ya majaribio ilikamilika Septemba 1934. Wala si siri kwamba kwenye injini hizo za mwanzo baadhi ya vipande vilikuwa vya Chevrolet halisi vilivyonunuliwa dukani, huku bloku na hedi vikimiminwa na wao wenyewe. Kwa hiyo mwaka ule spea hazikuingiliana kwa bahati. Ziliingiliana kwa kukusudiwa. Kwa nini kampuni changa itake injini yake ivae spea za mshindani?

Kwa sababu ya mnunuzi. Ford walikuwa wamefungua kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors wakafungua chao Osaka mwaka 1927. Kufikia miaka ya 1930 magari ya Marekani ndiyo yaliyojaa barabara za Japani, na spea zake zilipatikana katika miji mingi. Lori la kampuni isiyojulikana likiharibika mbali na kiwanda, mwenye lori angefanya nini? Lakini kama lori hilo linakubali vipande vilivyokwisha kujaa madukani, hofu inapungua. Ni hesabu ya biashara inayoeleweka kwa yeyote aliyewahi kukwama njiani. Je, basi kazi ile ilikuwa kunakili tu?

Wapo wanaolisema hilo kwa dharau, nami silikubali. Mchoro unanakilika, kumimina bloku hakunakiliki. Bloku ya silinda sita ina njia za maji zilizojificha ndani ya chuma, na kila njia hutengenezwa kwa kiini cha mchanga kinachopaswa kustahimili chuma kilichoyeyuka bila kuhama wala kupasuka. Bloku nyingi za mwanzo ziliharibika na kutupwa. Injini ya kwanza ilipowaka ilitoa nguvu ndogo kuliko ile iliyoigwa, ikabidi hedi ichorwe upya. Kuiga mpaka kitu kifanye kazi ni shule ngumu, na wanaoipita hutoka na ujuzi wao wenyewe. Basi kama mzazi ni Chevrolet ya 1933, hadithi ya jeshi la Marekani ilitoka wapi?

Nililifuata tawi hilo kwa uangalifu, maana ndilo linalosimuliwa kwa hamasa kubwa. Toleo la kawaida linasema jipu moja lilikamatwa Ufilipino mapema katika vita, likapelekwa Japani, na Toyota wakaamriwa kutengeneza gari la aina hiyo. Gari hilo lilitengenezwa kweli, likaitwa AK10. Lakini injini yake ilikuwa ya silinda nne, cc 2,259. Majipu ya Marekani nayo yalikuwa ya silinda nne. Hakuna njia ya kupata silinda sita hapo. Njia imefungwa, ila ina jambo la ajabu: chukua 3,389, gawa kwa sita, zidisha kwa nne. Unapata 2,259. Injini ya AK10 ilikuwa ile ile ya A iliyopunguzwa silinda mbili. Hata njia iliyofungwa imenirudisha kwenye inchi nne. Je, bado kuna mtuhumiwa mwingine wa jeshi?

Yupo mmoja mzito. Lori la GMC la magurudumu sita ya kuendesha, lililobeba mizigo ya jeshi la Marekani duniani kote, lilikuwa na injini ya silinda sita ya inchi 270. Mwendo wa pistoni yake? Inchi nne kamili. Hapo nilisimama. Kama inchi nne ya Toyota ilitoka kwenye lori hilo, basi hadithi ya vita ina ukweli. Lakini tarehe zinakataa. Lori lile lilianza kutengenezwa mwaka 1941. Injini ya A ilikuwa imewaka mwaka 1934. Mtoto hawezi kumzidi mzazi umri. GMC 270 na Toyota zina namba moja inayofanana, lakini Toyota walikuwa nayo kwanza. Je, hiyo ina maana kwamba injini za GMC hazina lolote katika historia hii?

Sivyo, na hapa inabidi kupima kwa haki toleo linalosimuliwa na wapenzi wengi wa Land Cruiser: kwamba F ilichukua umbo la GMC za baada ya 1939. Kranki ya Chevrolet ya 1933 ilishikwa na beringi kuu tatu. Kuanzia 1937 Chevrolet walihamia beringi kuu nne. Toyota F ina beringi kuu nne. Kwa hiyo kranki ya F haiwezi kuwa kranki ya 1933, hata kama mwendo ni ule ule. Mtu aliyeichora F aliutunza urefu wa zamani, akajifunza kutoka injini za kizazi kilichofuata, kisha akakipima kipenyo cha silinda kwa milimita. Toleo la GMC linasimama kama maelezo ya umbo, lakini linaanguka ukitaka kulitumia kama orodha ya spea. Kwa nini basi kila kitu kibadilike na mwendo wa pistoni ubaki?

Kwa sababu mwendo hubadilishwa kwa gharama kubwa. Kipenyo cha silinda unaweza kukipanua kwa kuchonga au kwa kurekebisha viini vya mchanga. Mwendo umefungwa kwenye kranki, kwenye urefu wa konrodi na kwenye kimo cha bloku. Ukiugusa, umegusa mashine nyingi za kiwandani. Nilitaka shahidi wa pili, nikarudi kwa Nissan. Mwaka 1936 walinunua michoro na mitambo ya injini ya silinda sita ya Graham-Paige ya Marekani. Kipenyo kilikuwa milimita 82.55 na mwendo 114.3, yaani inchi nne na nusu. Injini ya P ya Patrol ilipokuja baadaye, kipenyo kilikuwa kimepanda hadi 85.7. Mwendo? Ule ule, 114.3. Mtindo ni mmoja kwa kampuni mbili. Lakini kama mwendo ndio alama ya ukoo, mbona hadithi za gereji zinazungumzia pistoni?

Swali hili lilinichukua muda kuliko mengine, na jibu lilikuja pale nilipoacha kutazama namba za kiwandani nikatazama namba za karakana. Injini iliyochakaa huchongwa silinda na kuvishwa pistoni kubwa zaidi, oveseizi. Hatua ya kawaida ya Kijapani ni nusu milimita. Silinda ya F ya milimita 90 ikichongwa hatua hiyo inakuwa 90.50. Silinda ya Chevrolet 235 ikiwa mpya ni 90.49. Tofauti ni sehemu moja ya mia ya milimita. Pistoni ya Chevrolet, mpya kabisa, inateleza ndani ya silinda ya Land Cruiser iliyochongwa mara moja. Naamini mtu aliyewahi kuliona hilo kwa macho yake angeweza kulianzisha dai lote, na kwa nia safi. Je, pistoni kuingia ni sawa na pistoni kufaa?

Si sawa hata kidogo. Pistoni inayoingia bado inaulizwa kipenyo cha pini yake, umbali kutoka katikati ya pini hadi utosini, umbo la utosi, na unene wa ringi. Chukua umbali wa pini peke yake. Kila silinda ya F ina cc 646. Tuseme kompresheni ni 7.5 kwa 1. Pistoni ikikaa milimita moja juu kuliko ilivyopangwa, kompresheni inapanda karibu 7.9. Ikikaa milimita moja chini, inashuka karibu 7.1. Na katika hali zote mbili injini itawaka. Hapo ndipo hatari ilipo, maana gereji ikiona imewaka husema imekubali. Kuwaka ni mtihani wa dakika moja. Nani alirudi kuuliza baada ya kilomita elfu ishirini?

Labda, nilijiuliza, ugumu huu unatokea tu tunapovuka bahari, na ndani ya ukoo mmoja wa Wamarekani mambo ni mepesi. Nikaangalia 235 na 261 za Chevrolet, injini mbili zilizokaribiana kuliko zote. Ya 261, iliyoanza mwaka 1954 kwenye malori, ina silinda pana zaidi, na ili zienee zimeunganishwa mbili mbili bila njia ya maji katikati. Hedi yake ina matundu ya ziada ya kupitisha maji na mvuke. Hedi ya 235 inakaa juu ya bloku ya 261 na boliti zinalingana, lakini usipotoboa matundu yale, mvuke unakwama na chuma kinaungua. Nenda nyuma kidogo hadi ile ya 216 iliyoanza 1937: konrodi zake huchota oili kwa vijiko na beringi zake ni madini laini yaliyomiminwa, wakati 235 za kuanzia 1954 zote hupata oili kwa msukumo wa pampu. Jina la familia ni moja. Je, tuseme nini basi kuhusu F, 2F na 3F?

Hizi ndizo zinazotuhusu zaidi, kwa kuwa ndizo zilizofika kwetu ndani ya Land Cruiser za ukoo wa FJ. F ni milimita 90 kwa 101.6. Mwaka 1975 ikaja 2F: milimita 94 kwa 101.6, cc 4,230. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja 3F: milimita 94 kwa 95, cc 3,955. Zitazame vizuri. F na 2F zina mwendo mmoja. 2F na 3F zina kipenyo kimoja. F na 3F hazina hata kimoja. Ni majina matatu na madaraja mawili tu. Na kwenye kila daraja, ni spea ipi inayovuka?

Daraja la kwanza, F na 2F. Pistoni hazivuki: tofauti ni milimita nne, na oveseizi za kawaida huishia karibu na milimita moja. Gasketi ya hedi nayo ni mtego. Ukiweka ya F juu ya silinda ya 2F, ukingo wake unaingia hadi milimita mbili ndani ya moto kila upande, na utaungua. Hedi yenyewe inaweza kukaa, lakini chumba chake cha moto kimepangiwa silinda ya cc 646, na ile ya 2F imepangiwa silinda ya cc 705. Kuzibadilishana bila kupima chumba ni kubadilisha kompresheni bila kujua umeielekeza wapi. Vinavyovuka kwa urahisi zaidi ni vile vya nje, kwa kuwa havihusiki na kipenyo wala mwendo. Je, daraja la pili, lenye kipenyo kimoja, ni salama zaidi?

Linashawishi zaidi, na kwa sababu hiyo ndilo la kuogopa zaidi. Fundi akipima pistoni mbili na zote zikasoma 94, mkono wake unataka kumaliza kazi. Lakini kranki ya 3F inatembea milimita 6.6 pungufu. Nusu ya hiyo ni 3.3. Ukivisha kranki ya 2F mahali pa ile ya 3F na kuacha konrodi na pistoni zile zile, pistoni itapanda milimita 3.3 juu ya ilipopaswa kuishia, na hapo kuna hedi. Ukifanya kinyume, itaishia milimita 3.3 chini, na chumba cha moto kitaongezeka karibu cc 23 kwa kila silinda. Injini itawaka, itavuta kwa uchovu, na mwenye gari atalaumu kabureta. Kwa 3F, basi, inchi nne imekufa. Je, historia inaishia hapo?

Inaishia kwa namba ile, lakini tabia iliendelea. Inchi nne ilikaa ndani ya injini za Toyota tangu 1934, ikapita vita, ikapita A, B, F na 2F, hadi 3F ilipoiondoa zaidi ya nusu karne baadaye. Kisha mwaka 1992 ikaja 1FZ: kamshafti mbili juu, valvu nne kwa kila silinda, kipenyo milimita 100. Na mwendo? Milimita 95, ule ule wa 3F. Kipenyo kimetanuka, hedi imekuwa mpya kabisa, urefu umebaki. Yaliyotokea kati ya A na F yametokea tena kati ya 3F na 1FZ. Undugu huo wa namba, hata hivyo, haukufanyi uivishe 1FZ hedi ya 3F. Sasa mtu aliyesimama kaunta ya duka la spea, fedha mkononi, tumwambie nini?

Tumwambie aache kuuliza injini hii ni ndugu ya nani. Aanze kwa kusoma jina lililoandikwa kwenye bloku yenyewe, si kwenye kadi ya gari, maana injini hubadilishwa na kadi hubaki. Kisha atafute namba ya spea kwenye katalogi ya mtengenezaji. Namba moja ikitokea chini ya injini mbili, spea ni moja, hata kama mafundi wote wa mtaa wanabisha. Namba zikitofautiana, ashike kalipa apime: kipenyo, pini, kimo, unene, matundu. Spea isiyo na namba wala kipimo ni kamari, na anayecheza ni mwenye gari. Je, hii inamaanisha wazee wa gereji walitudanganya?

Hapana, na nasema hivi nikiwa nimepima kila toleo. Dai lilikuwa kweli mwaka 1935, tena kwa kukusudiwa. Lilikuwa kweli nusu mwaka 1955, kama habari ya ukoo. Leo, kama mwongozo wa kununua spea, si kweli. Kilichopotea njiani ni tarehe: mtu alimwambia mwenzake kwamba zinaingiliana, mwenzake akamwambia kijana wake, na mwaka ukabaki nyuma. Maarifa mengi ya ufundi wetu husafiri hivyo hivyo, kwa mdomo, bila mwaka na bila kipimo, ilhali mikono inayoyabeba ina ustadi unaostahili kuandikwa. Ndiyo maana fundi anayekuambia leo kwamba spea hizi zinaingiliana anastahili kuulizwa kwa heshima, na jibu lake liandikwe: za injini ipi, ya mwaka gani, na ulipima nini?